Kwa Kipara, Jirani Aliyemwazima Baba Yetu

Mwaka umekatika, Kipara, tangu tulipokusindikiza makaburini, na bado kuna watu wakipita mbele ya duka lako la kunyolea huinamisha kichwa na kuchungulia ndani. Wakikumbuka, huendelea na safari zao. Mimi mwenyewe nimechungulia mara nyingi, na mimi naishi ukuta kwa ukuta na duka hilo.

Tangazo hili la kumbukumbu kwa kawaida lingeandikwa na mkeo na binti zako. Lakini nilipovuka uani juma lililopita kumuuliza wifi kama angependa tumsaidie kuliandika, alinijibu, "Mimi na mume wangu tunaongea kila siku. Ninyi ndio mna maneno ambayo hamjamwambia. Andikeni ninyi." Ndiyo maana leo unasemeshwa na nyumba ya pili, ile yenye mlango wa kijani usiofunga vizuri. Anayeandika ni mimi, binti mkubwa wa Refa, yule uliyekuwa ukimwita Mama Mkali ukidhani hasikii. Nilikuwa nasikia.

Ulikuwa mtu wa kuomba, Kipara. Hakuna jirani aliyewahi kutuomba vitu vingi kama wewe. Leo ngazi, kesho nyundo, keshokutwa kijiko cha chumvi. Siku moja wewe, kinyozi mzima mwenye duka, ulikuja kuomba kioo. Kioo! Marehemu mama alikuwa akikuona tu unavuka uani anasema, "Haya, fungueni kabati, Kipara huyo." Lakini alisema akicheka, kwa sababu ngazi ilirudi kila kipandio kilicholegea kimepigwa msumari, na nyundo ilirudi na mpini mpya. Mama alikushtukia mapema. Sisi wengine tulichukua muda kuelewa kwamba ulipotaka kumsaidia mtu, ulianza kwa kumwomba kitu.

Kwa wasiokujua, ulikuwa kinyozi usiye na unywele hata mmoja kichwani. Ulipoulizwa, ulisema nywele zote umewaachia wateja. Duka lako lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yenu: viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni, benchi la kungojea, redio iliyokamata stesheni moja tu, na taulo nyeupe zikikauka uani kwenye kamba. Uliimba vibaya sana. Uliimba hasa wakati wa kunyoa ndevu, na mteja hakuweza kukimbia kwa sababu wembe ulikuwa shingoni.

Na kwa wasiomjua, Refa ni baba yetu. Kazi yake ilikuwa uashi, lakini kila Jumamosi alikuwa mwamuzi wa mpira, filimbi shingoni, kaptula nyeusi imepigwa pasi na mama hadi ikasimama yenyewe. Kuta alizojenga mtaani ni nyingi, ila watu wanamkumbuka kwa kadi alizotoa. Wewe mwenyewe ulikula kadi yake nyekundu ujanani kwa kuzuia bao kwa mkono, na hadi nywele zinakuishia kichwani ulikuwa bado unakata rufaa.

"Lilikuwa bega, Refa."

"Mkono."

"Bega! Nilikuwa nimegeuka hivi, tazama."

"Kijana, mimi nilikuwa pale. Mkono."

Halafu umri ukaanza kumpokonya baba vitu. Kwanza majina ya watu, kisha njia ya kwenda sokoni, kisha kama amekula au hajala. Mama alikuwa hai, na mama alijua jinsi ya kumzungusha. Yeye ndiye aliyemwogesha, na sisi watoto hatukuwahi hata kulifikiria jambo hilo. Mama alipotutoka ndipo tulipojikuta mbele ya mlango wa bafu hatujui la kufanya.

Nilijaribu. Nilipasha maji, nikaandaa taulo, nikamshika baba mkono, nikampeleka. Alinitazama, akashika kiuno cha suruali yake kwa mikono miwili, akaniambia kwa sauti ya chini, ya mtu mwenye akili zake zote, "Mwanangu, toka." Nikatoka. Nililia jikoni mpaka maji yakapoa.

Tukatafuta mtu wa kumhudumia, mwanamume mzima, mzoefu wa kazi hiyo. Hakumaliza asubuhi ya kwanza. Baba alimkimbiza na ndoo mpaka barabarani akimwita mwizi, na yule bwana hakurudi hata kuchukua viatu vyake. Ukamwangalia akipita mbele ya duka lako pekupeku, na najua ulicheka, kwa sababu kicheko chako kilisikika hadi kwetu.

Akabaki mdogo wangu wa kiume. Unamjua, fundi wa majokofu, anayebeba friji mgongoni hadi ghorofa ya tatu bila kupumzika. Alisimama nje ya bafu ameshika sabuni. "Dada, siwezi," akasema. "Yule ni baba." Sikumlaumu. Tumelelewa kutomwona mzazi akiwa mtupu, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba siku itafika tutalazimika.

Wiki zikapita, na nitasema wazi, baba alianza kunuka. Baba yetu, aliyekuwa akivaa soksi safi kwenda kujenga ukuta wa choo! Wageni wakawa wanakaa karibu na mlango. Ngozi ikaanza kumchubuka kwapani na mapajani. Shangazi, dada yake baba, akaitisha kikao. Shangazi ana moyo mzuri ila ana haraka. Alisema ameulizia makao ya wazee katika mji wa mbali, yana uzio na wahudumu, na kwamba baba apelekwe mwisho wa mwezi.

"Hapa mnamuua kwa kumheshimu," alisema.

Nilikuwa nimeshinda siku hiyo kazini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, napima misumari na kukosea vipimo, huku najiuliza nitamfungashia vipi nguo mtu ambaye akiamka usiku huijua njia ya msalani kwa kupapasa ukuta alioujenga mwenyewe. Huko kwa watu angepapasa nini?

Ni katikati ya kikao hicho ulipotokea mlangoni, taulo begani. Ulitusalimia wote, ukampa shangazi shikamoo mbili kwa sababu ya kwanza hakuisikia.

"Nina shida," ulisema.

"Ngazi iko nyuma ya nyumba," nikakujibu.

"Si ngazi, dada. Naomba mniazime Refa."

Ukaeleza, sura imekukunjamana kama ya mtu aliyefikwa na makubwa, kwamba Jumamosi dukani kwako hakukaliki. Watu wanaibiana zamu. Juma lililopita watu wazima wawili, wenye wake na watoto, wameshikana mashati kwa sababu ya kiti. Ukasema huwezi kunyoa na kuamua ugomvi kwa wakati mmoja, unahitaji mtu ambaye watu wanamwogopa.

Shangazi alidhani unaleta mzaha kwenye mambo mazito, akafungua kinywa akutoe nje. Lakini baba, aliyekuwa kwenye kona hajasema neno tangu asubuhi, aliinua kichwa.

"Wangapi?" akauliza.

"Hufika hata kumi na watano, Refa. Nidhamu hawana kabisa."

"Filimbi yangu iko wapi?"

Jumamosi ulikuja kumchukua mapema, ndoo mkononi. Nilidhani safari hii umekuja kuomba maji. Ukamwambia, "Refa, mwamuzi haingii uwanjani na vumbi la jana. Twende tukabadilishe nguo." Ukampeleka kwenye bafu lako la uani, ukavua shati lako pia, ukajifunga taulo kiunoni kama yeye. Mimi na shangazi tulisimama upande wetu wa ukuta, tukiisubiri ndoo iruke.

Haikuruka. Tulisikia maji yakimwagika. Kisha sauti ya baba, ile ya zamani, ya uwanjani:

"Wewe ndiye mshika kibendera wangu?"

"Ndiye mimi, Refa."

"Sugua hapo mgongoni. Uwanja huu una vumbi baya."

"Naam, Refa."

"Wewe si yule niliyempa kadi?"

"Lilikuwa bega, Refa."

"Mkono. Sugua."

Shangazi alikaa kwenye kizingiti, akafunika uso kwa mtandio wake. Mabega yalikuwa yakimtikisika, na sikujua kama anacheka au analia mpaka nilipogundua kwamba mimi nafanya yote mawili.

Baadaye ulitueleza. Zamani mechi ikiisha, mwamuzi na washika vibendera wake walikuwa wakioga pamoja nyuma ya uwanja, ndoo moja, wakimsema kila mchezaji. Hakuna aliyemwonea mwenzake haya. "Refa haogopi maji," ulituambia. "Anaona haya mbele yenu. Mimi kwake ni mtu wa uwanjani tu." Ulisema hivyo unapangusa masikio kwa ncha ya taulo, ukaondoka kwenda kufungua duka. Sisi tuliosoma na kuitisha vikao hatukuwa tumeliona hilo.

Na ile kazi uliyompa haikuwa ya kuigiza. Baba alikaa mwanzo wa benchi, filimbi shingoni, na kadi mbili alizokata kutoka boksi la sabuni, akaipanga foleni yako ikapangika. Fundi viatu wa mkabala, rafiki yako wa kufa na kupona, aliruka zamu akala kadi ya njano. Bwana mmoja mwenye tai, aliyesema ana haraka, ana mkutano, alioneshwa nyekundu, akarudi nyumbani na ndevu zake. Jumamosi iliyofuata alikuja akamwamkia Refa kwanza, ndipo akauliza mwisho wa foleni ni nani.

Jumamosi ikawa Jumamosi na Jumatano, kisha ikawa kila siku. Asubuhi mnaoga, mchana anakaa kwenye benchi, jioni unamvusha uani ananukia sabuni na poda ya watoto. Akisimama kutaka kwenda asikokujua, fundi viatu aliinua kichwa na kusema, "Refa, mechi haijaisha," na baba akarudi kukaa. Mama wa matunda akawa anamsogezea kivuli cha mwavuli wake kadiri jua linavyohama. Ngozi ya baba ikapona. Mimi nikawa napima misumari bila kukosea, simu imekaa mfukoni, sisubiri tena habari mbaya. Makao ya wazee hayakutajwa tena, na shangazi, kila alipokuja kututembelea, alianzia kwako.

Shukrani ulizikataa. Nilipokuja siku moja na maneno yangu niliyoyapanga njia nzima kutoka kazini, ulinikatiza, "Dada, aliyeazima ni mimi. Labda unipe pole kwa kelele za ile filimbi." Ukaendelea kuimba. Nikarudi nyumbani na maneno yangu kama nilivyokuja nayo.

Halafu moyo wako ukaanza kuchoka. Tuliona kwanza miguuni, viatu vikawa havikuingii, ukawa unavaa kandambili hata dukani. Kisha ukawa unasimama katikati ya wimbo kuvuta pumzi, na kwa mara ya kwanza wateja wakatamani uimbe. Daktari alikukataza kunyanyua chochote. Ukafunga kiti kimoja, kisha cha pili. Bado ulimwogesha baba, umekaa juu ya kigoda, mpaka wifi alipokuja kutuambia kwa upole kwamba inatosha.

Tulikuja kukupa pole, na pole ilikuwa ya kweli. Lakini tulikuwa na wasiwasi mwingine, na tuliona haya kuutamka mbele ya mgonjwa. Nani atamwogesha baba sasa? Tulijaribu tena na mdogo wangu, ikawa yaleyale, baba anapiga kelele ndani na mdogo wangu yuko nje na sabuni yake. Shangazi akapiga simu. Safari hii hakuwa na haraka. "Wanangu," alisema, "yale makao bado yapo."

Sijui nani alikufikishia habari. Ukuta wetu ni mwembamba, huenda ulizisikia mwenyewe. Kesho yake ulimwita mdogo wangu.

"Mdogo wangu, nina aibu kukuambia."

"Sema tu, kaka."

"Nimeshindwa kuoga. Mkono haufiki mgongoni, nikiinama pumzi zinakata. Binti zangu siwezi kuwaomba. Mama yao mgongo wake unamsumbua, hawezi kuninyanyua. Ungekuwa unapita asubuhi kabla ya kazi, ungenisaidia sana."

Nani angekukatalia wewe? Alikubali, akaja kwangu. "Dada, nitafanyaje?" akaniuliza. Nilimwambia ajikaze. Sikuwa na ushauri mwingine, na sikuwahi kumwogesha mwanamume mgonjwa ili niwe nao.

Ulimfundisha kila kitu, na yeye alidhani unalalamika tu. "Anza na miguu," ulimwambia. "Ukianza na kichwa nashtuka." Ukamwambia aseme kabla ya kumwaga maji, kila mara, hata kama amesema sasa hivi. Taulo lisitoke kiunoni, aoshe chini yake kwa mkono na macho yatazame ukuta. Sehemu nyingine akupe sabuni uoshe mwenyewe, na asikuharakishe hata kama unakawia. "Na usinyamaze," ulimwambia. "Ukinyamaza nasikia aibu yako, halafu na mimi inanishika."

Siku za mwanzo alidondosha sabuni, akajigonga kichwa akiiokota. Siku moja alisahau kuchanganya maji, akakumwagia ya baridi, ukapiga ukelele uliomtoa fundi viatu kibandani. Ukacheka mpaka ukakohoa. Polepole mikono yake ikatulia. Ikafika mahali tukawa tunawasikia mnaimba wote wawili, na hapo ndipo tulipojua kwamba uimbaji mbaya unaambukiza.

Asubuhi moja ukasema, "Mleteni Refa." Tukamvusha uani, hajaoga muda, mkali, hataki kushikwa. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda mlangoni mwa bafu, umejifunga taulo, pumzi za shida.

"Refa," ulimwambia, "leo unatangulia wewe, mimi nangoja zamu. Huyu ni mshika kibendera wa upande wa pili."

Baba alimtazama mdogo wangu kutoka juu hadi chini, mwanawe wa kumzaa, akimpima.

"Anajua sheria?"

"Anazijua zote."

Baba akakaa. Akanyoosha mguu mmoja mbele, akangoja. Na mdogo wangu, aliyekuwa hawezi, alipiga magoti akasema, "Refa, naanza na mguu wa kulia, maji ya vuguvugu," akaanza.

Alinikuta jikoni baadaye, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. "Dada, nimemwogesha baba," akasema. Akarudia. Nilimkumbatia hivyohivyo na maji yake.

Baada ya hapo hukukaa sana nasi. Wiki ya mwisho hukuamka kitandani, na mdogo wangu alikuogesha kwa beseni na kitambaa, akianza na miguu. Ulikuwa humwelekezi tena. Asubuhi ya mwisho ulimwambia ahsante, neno ambalo wewe hukutaka kuambiwa, na mchana ukatuacha.

Kaburini tulimleta baba. Aliuliza anazikwa nani. Tukamwambia ni Kipara, kinyozi. Alilitazama kaburi, tukadhani jambo limeshampotea. Kisha akavua kofia.

"Alikuwa mchezaji mzuri," alisema. "Lakini ulikuwa mkono."

Watu walicheka makaburini, Kipara. Mkeo ndiye aliyeanza.

Sasa nikuambie jambo ambalo limenifanya nirefushe tangazo hili kupita kipimo, na mchapishaji anisamehe.

Juma lililopita, siku ile nilipokuja kwa wifi, mdogo wangu alikuwepo. Alikuwa jikoni kwenu, amejibanza nyuma ya friji lenu lililoacha kugandisha, bisibisi mkononi. Nilipokuwa naaga, wifi akaniambia, "Na msisahau kuandika ile ya kuoga mara mbili."

"Mara mbili ipi?" nikauliza.

Akatazama jikoni, akanitazama mimi.

"Kwani hakuwaambia?"

"Kutuambia nini?"

"Kipara alikuwa anaoga mwenyewe," akasema. "Kila asubuhi, kabla shemeji hajafika. Anaoga taratibu, anajikausha, anarudi kitandani, anajifunika hadi kidevuni, anamngoja aje amwogeshe tena. Mimi nilimkemea. Nilimwambia, mume wangu, na moyo huo utajitafutia homa bure. Akaniambia, 'Nyamaza mama. Kijana anaogopa kumshika baba yake. Mimi si baba yake. Aanze na mimi.'"

Bisibisi ilikuwa imenyamaza jikoni.

"Wiki ile ya mwisho tu ndiyo ilikuwa kweli," wifi akamalizia.

Mdogo wangu hakutoka haraka nyuma ya friji. Tulimwacha. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na meno yote nje.

"Ndiyo maana!" akasema. "Nilikuwa najiuliza huyu ni mgonjwa wa namna gani. Nasugua, nasugua, maji yanatoka meupe!"

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Mdogo wangu naye alicheka, kisha akakaa juu ya sanduku lake la vifaa, akainamisha kichwa, na wifi akaenda akamwekea mkono mgongoni. Mimi nilitazama pembeni. Mama Mkali ana heshima yake ya kulinda.

Nikujulishe basi hali ya nyumbani. Baba yuko. Yuko kwake, katika nyumba yake. Majina yetu hayapo tena kinywani mwake, na hatembei sana, ila ngozi yake ni safi na ndevu zake zimenyolewa, japo anayemnyoa humwacha na alama ambazo wewe ungeziona aibu. Leo asubuhi mwanawe alipita kabla ya kazi, kama apitavyo kila siku, akamwogesha. Shangazi yupo kwa juma hili, na ndiye aliyepasha maji.

Mtaani nako kuna binti mmoja, nyumba ya tatu kutoka kwenu, ambaye baba yake amepooza upande mmoja. Juzi nilimwona mdogo wangu amesimama mlangoni kwao, kofia mkononi. Alikuwa anawaambia ana shida, anaomba kuazima ngazi. Na ngazi tunayo.

Nilipomsomea mdogo wangu maneno haya, nilimuuliza kama ana la kuongeza. Alifikiri, akaniambia niandike kama atakavyosema, nisipambe. Ninaandika: "Kaka, ningejua ningekuja vilevile. Na mgongo ule ningeusugua vilevile, hata kama ungekuwa umetoka kuoga dakika hiyohiyo."

Unakumbukwa na mkeo. Na binti zako wawili na waume zao. Na wajukuu zako, ambao wote tumewakataza kuimba. Unakumbukwa na fundi viatu, na mama wa matunda, na watu wa benchi. Unakumbukwa na nyumba ya pili: Refa, shangazi, mimi, mdogo wangu, mkewe na watoto wao.

Hujatutoka moyoni hata siku moja, Kipara, na hutatutoka.